Kiti cha Nkamba: Urithi wa Damu na Urithi wa Imani

Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko ya kitaifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Siku hiyo taifa humkumbuka Simon Kimbangu, mkatekista wa Kibatisti aliyeanza kuhubiri na kuwaombea wagonjwa tarehe 6 Aprili 1921, na ambaye serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilimweka gerezani hadi kufa kwake. Miaka miwili tu kabla ya heshima hiyo, Kanisa linalobeba jina lake lilikuwa limepoteza nafasi yake katika meza nyingine. Mwaka 2021 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilihitimisha uanachama wake uliodumu tangu mwaka 1969, kwa sababu mafundisho yake juu ya Utatu Mtakatifu yalionekana kutolingana tena na imani ya pamoja ya Wakristo.

Sisi Wakatoliki tungeweza kulitazama jambo hili kama habari ya jirani. Lakini jirani huyu tunaishi naye: tunakutana naye Kinshasa, Matadi na Lubumbashi, tunazika pamoja naye, na watoto wetu wanachumbiana na watoto wake. Tena, mwaka 2025 Kanisa limeadhimisha miaka 1700 ya Mtaguso wa Nisea, uliofundisha kwa uwazi kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba. Katika mwaka huohuo tuliona Baba Mtakatifu Fransisko akizikwa na Baba Mtakatifu Leo XIV akichaguliwa. Ni wakati ufaao kujiuliza: kiongozi anapoondoka, ni nini hasa anachokirithi yule anayeketi katika kiti chake?

Nabii aliyefungwa miaka thelathini

Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, kijiji cha Kongo ya Chini, akabatizwa na wamisionari Wabatisti kutoka Uingereza mwaka 1915. Utume wake wa hadharani ulidumu kwa miezi michache tu ya mwaka 1921. Alihubiri toba, alikataza hirizi na uganga, alisisitiza ndoa ya mke mmoja, na watu waliacha mashamba, viwanda na hata hospitali wakimfuata Nkamba. Wakoloni waliogopa umati huo. Mwezi Septemba alikamatwa, na tarehe 3 Oktoba 1921 mahakama ya kijeshi ya Thysville, mji ambao leo huitwa Mbanza-Ngungu, ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert I alibadili adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu alisafirishwa hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, akafia gerezani humo tarehe 12 Oktoba 1951.

Hapa yatupasa kusema ukweli unaotuhusu. Miongoni mwa waliohimiza serikali imnyamazishe walikuwamo wamisionari Wakatoliki. Waliona katika umati wa Nkamba hatari kwa utaratibu wa koloni na kwa misheni zao, wakasahau kuuliza kwa nini watu wana kiu ya namna ile. Familia nyingi zilizomfuata Kimbangu zilitolewa kwa nguvu katika vijiji vyao na kupelekwa mbali. Mkatoliki anayezungumza leo juu ya makosa ya mafundisho ya Wakimbangu bila kukumbuka viboko vile hatasikilizwa, na pengine hastahili kusikilizwa.

Kanisa lililozaliwa katika mateso

Wakati Kimbangu yuko gerezani, mke wake, Marie Muilu, ndiye aliyelishika kundi kwa siri. Wana wao watatu walikuwa Charles Kisolokele, Salomon Dialungana na Joseph Diangienda. Mdogo wao, Diangienda, aliyekuwa ameajiriwa katika utawala wa kikoloni, alikusanya vikundi vilivyotawanyika na kuvipa muundo. Tarehe 24 Desemba 1959, miezi michache kabla ya uhuru, serikali ililitambua Kanisa hilo kisheria. Mwezi Aprili 1960 mabaki ya Simon Kimbangu yaliletwa kutoka Elisabethville hadi Nkamba, ambayo waamini wake huiita Yerusalemu Mpya.

Diangienda alikuwa mjenzi. Chini yake zilianzishwa shule, zahanati na chuo cha teolojia, ambacho kilipata kuongozwa na Marie-Louise Martin, mwanateolojia kutoka Uswisi. Mwaka 1969 Kanisa lake lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, likiwa mojawapo ya Makanisa ya kwanza yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe kuingia humo. Katika maandiko waliyowapa Wakristo wenzao, Kimbangu alielezwa kuwa mjumbe wa Yesu Kristo, mtu ambaye Roho Mtakatifu alitenda kazi kupitia kwake. Jina lenyewe la Kanisa lilisema hivyo: Kanisa la Yesu Kristo duniani kwa njia ya nabii Simon Kimbangu.

Hata hivyo, tangu mwanzo palikuwa na sauti mbili. Sauti moja ilisikika katika maandiko ya wanateolojia, nyingine katika nyimbo na shuhuda za waamini wa kawaida. Wakimbangu wana hazina kubwa ya nyimbo wanazoamini kwamba hupokelewa kwa ufunuo, na kwa wengi wao wimbo hufundisha kuliko kitabu. Katika sauti hiyo ya pili, ahadi ya Msaidizi tunayoisoma katika Injili ya Yohane ilihusishwa na Kimbangu mwenyewe. Aliyetenda kwa nguvu ya Roho akaanza kutajwa kama Roho aliyetwaa mwili. Kwa muda mrefu sauti hizo mbili ziliishi katika nyumba moja, kwa sababu kiongozi mkuu hakulazimika kuchagua kati yake.

Urithi ulipofika kwa wajukuu

Mwaka 1992 ulikuwa mwaka wa misiba. Kisolokele alifariki, na baada yake, mwezi Julai, Diangienda naye alifariki akiwa Uswisi. Uongozi ukamwendea ndugu aliyebaki, Salomon Dialungana, aliyekuwa mlinzi wa Nkamba. Yeye aliongoza hadi alipofariki mwezi Agosti 2001, na kiti kikachukuliwa na mwanawe, Simon Kimbangu Kiangani, anayeongoza kutoka Nkamba.

Mjukuu huyu alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1951, siku ileile babu yake alipofariki gerezani. Anabeba pia jina la babu yake. Kwa Waafrika wengi, mtoto anayezaliwa wakati wa msiba hupewa jina la marehemu, na familia hufarijika kwamba jina halikupotea. Ni desturi yenye upendo. Lakini huko Nkamba desturi hiyo ilibebeshwa mzigo wa imani usio wake. Waamini walifundishwa kwamba babu amerudi katika mjukuu. Na kwa kuwa babu alikwisha kuitwa Roho Mtakatifu, hitimisho juu ya mjukuu lilijileta lenyewe. Wana watatu nao walihusishwa na Nafsi za Utatu, na Dialungana akatajwa kuwa Kristo aliyerudi. Ndiyo maana Wakimbangu hao leo huadhimisha Noeli tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa Dialungana mwaka 1916.

Tuangalie mpangilio wa hatua hizi, maana ndani yake mna somo. Hatua ya kwanza ilikuwa heshima ya haki kwa mtu aliyeteseka kwa ajili ya imani. Hatua ya pili ilikuwa kuikabidhi heshima hiyo kwa uzao wake. Hatua ya tatu ilikuja pale wazao walipokuwa wengi kuliko kiti. Wajukuu wa Simon Kimbangu ni 26, na baada ya mwaka 2001 baadhi yao walikataa kwamba mmoja wao awe juu ya wote. Wakafupisha hoja yao kwa hesabu ya ajabu: 26 ni sawa na 1. Ndugu wakagawanyika, na waamini wakagawanyika nyuma yao. Familia zilizokuwa zikisali pamoja zikajikuta katika mikusanyiko miwili inayotazamana kwa mashaka.

Katika mgogoro wa namna hiyo, mafundisho hayawezi kubaki salama. Ikiwa haki ya kuongoza inatokana na damu, na wenye damu hiyo ni wengi, basi lazima ipatikane sababu ya kumweka mmoja juu ya wenzake. Hatudai kusoma mioyo ya wahusika. Huenda wengi wao waliamini kwa dhati walichokisema. Tunachokiona ni kwamba fundisho la kurudi kwa babu katika mjukuu lilijibu pia swali la uongozi. Anayepinga uamuzi wa kiongozi wa kawaida ni mpinzani tu. Anayepinga uamuzi wa Roho Mtakatifu ni mkufuru. Tangu hapo mjadala wa kiteolojia hauna tena mahali pa kusimama, na hata mwanateolojia anayependa Kanisa lake hana hoja ya kuleta mezani.

Mlango uliofungwa mwaka 2021

Baraza la Makanisa Ulimwenguni halina Papa wala mahakama ya mafundisho. Kanisa Katoliki si mwanachama wake, ingawa tangu mwaka 1968 wanateolojia wetu wanashiriki kikamilifu katika Tume yake ya Imani na Katiba. Baraza hilo linakusanya Makanisa yenye tofauti kubwa, na katiba yake inadai mambo machache: kumkiri Bwana Yesu Kristo kuwa Mungu na Mwokozi kadiri ya Maandiko, kwa utukufu wa Mungu mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kwa miaka mingi palikuwa na mazungumzo na Nkamba juu ya jambo hilo. Uamuzi wa mwaka 2021 ulikuja baada ya subira ndefu.

Nani aliyepata hasara? Viongozi wanabaki na viti vyao. Hasara kubwa ni ya mwamini wa kawaida: mama aliyelelewa katika miaka ya 1970 akiimba sifa za Yesu, aliyefundishwa kwamba Kimbangu ni mtumishi wa Yesu, na ambaye leo, bila kuhama Kanisa wala kiti anachokalia, amejikuta akifundishwa imani nyingine. Hakuulizwa. Imani aliyoachiwa na wazazi wake ilibadilika pamoja na kiongozi.

Kiti cha Petro si mali ya familia

Kanisa Katoliki nalo linaongozwa kwa mfululizo wa urithi, yaani urithi wa kitume. Mababa wa Kanisa waliutumia mfululizo wa maaskofu kama uthibitisho kwamba imani inayofundishwa leo ni ileile iliyopokelewa kwa Mitume. Urithi huo hupitishwa kwa kuwekewa mikono na kwa kukiri imani moja. Hauna mjukuu wala mpwa. Mwezi Mei 2025 makardinali waliingia katika kikanisa cha Sisto wakitoka katika mabara yote, wakamchagua mtu asiye na undugu wowote na mtangulizi wake. Hakuna aliyesema kwamba Fransisko amezaliwa upya ndani ya Leo. Kiti kilibaki kitupu kwa siku kadhaa, na Kanisa halikukosa imani ya kukiri katika siku hizo.

Kiini ni hiki: Khalifa wa Mtakatifu Petro ni mlinzi wa imani, na yeye mwenyewe anafungwa na imani anayoilinda. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Ufunuo wa Kimungu, ulifundisha kwamba mamlaka ya kufundisha haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia. Papa anaweza kufafanua, kutetea na kuieleza imani kwa lugha ya nyakati zake. Hawezi kuibadili Kanuni ya Nisea ili imfae. Hata maaskofu wa Nisea, mwaka 325, hawakudai kwamba wamepata ufunuo mpya. Walitafuta neno sahihi la kulinda kile ambacho Wabatizwa walikuwa wanakikiri tayari.

Tukiyasema haya, tusijipige vifua. Historia yetu inawajua mapapa waliowapa wapwa zao vyeo na mali za Kanisa, hata ikabidi Papa Innosenti XII apige marufuku desturi hiyo mwaka 1692. Kishawishi cha kukifanya kiti kuwa cha familia, cha kabila au cha kikundi hakikuzaliwa Nkamba. Hata katika parokia zetu, padre mwenye karama ya kuombea wagonjwa huweza kugeuzwa kuwa mtu wa pekee kiasi kwamba akihamishwa, waamini wanasema Mungu amehama naye. Katekista anayefariki baada ya miaka 30 ya utumishi huacha pengo, na wapo wanaodhani pengo hilo ni mali ya mwanawe. Tuyaone mapema.

Mambo ya kuzingatia parokiani

Kwa kuwa maswali mengi huwafikia maparoko na makatekista, tunakumbusha mambo manne.

Kwanza, ubatizo. Kanisa Katoliki linaukubali ubatizo wa jumuiya nyingi za Kikristo zisizo katika ushirika kamili nalo, mradi umetolewa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kwa nia ya Kanisa. Wakimbangu hubatiza kwa kuwekea mikono, bila maji. Ubatizo huo hauwezi kuhesabiwa kuwa halali. Tena, hata maneno yaleyale hayatoshi ikiwa yana maana nyingine: mwaka 2001 Roma iliamua kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali, ingawa wao hutumia maji, kwa kuwa wanachokielewa kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu si Utatu tunaoukiri. Kwa hiyo Mkimbangu anayeomba kuingia katika Kanisa hupitia safari kamili ya ukatekumeni na kubatizwa. Ikiwa hapo awali alibatizwa kwa maji katika jumuiya nyingine, suala hilo lichunguzwe kwanza na kupelekwa jimboni.

Pili, ndoa. Mkatoliki anayetaka kufunga ndoa na mtu asiyebatizwa kihalali anakabiliwa na kizuizi cha tofauti ya dini, na ndoa hiyo haiwi halali bila ruhusa ya Askofu. Vijana wasisubiri hadi wiki ya harusi. Wamwone paroko mapema. Upande wa Mkatoliki huahidi kuilinda imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki, na mwenzake huelezwa ahadi hiyo kwa uwazi.

Tatu, meza ya Bwana. Kanisa la Kimbangu liliadhimisha ushirika wake wa kwanza mwaka 1971, likitumia vyakula vya nchi badala ya mkate wa ngano, na asali iliyochanganywa na maji badala ya divai. Nia ya kumshukuru Mungu kwa mazao ya ardhi ya Afrika twaiheshimu. Lakini hiyo si Ekaristi, na Mkatoliki aliyealikwa katika ibada hiyo ahudhurie kwa adabu bila kushiriki.

Nne, ulimi. Tusimwite Mkimbangu mpagani wala mchawi. Tumuulize anaamini nini, kwa kuwa si wote wanaofundishwa mambo yale yale, na wapo wengi ambao moyoni wanamwita Yesu Bwana kama sisi.

Kiu iliyo nyuma ya kosa

Hatutaelewa Nkamba tusipoiona kiu iliyo nyuma yake. Mwafrika aliyepigwa viboko na watu waliobeba msalaba alitamani kumwona Mungu aliyefika kwake, katika ngozi yake na lugha yake. Kiu hiyo ni ya haki. Jibu lake, hata hivyo, lilikwisha kutolewa Bethlehemu: Neno aliyefanyika mwili alitwaa ubinadamu wetu sote, na hahitaji kuzaliwa tena Kongo ili awe Mungu wa Wakongo. Kazi ya Kanisa ni kulifanya jibu hilo lionekane. Ndiyo maana Misa ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, iliyothibitishwa na Roma mwaka 1988, ina thamani kubwa kuliko ngoma na vigelegele vyake. Na ndiyo maana tunawaheshimu Wenye Heri Isidori Bakanja, aliyekufa mwaka 1909 kutokana na kipigo cha msimamizi wa Kibelgiji kwa sababu ya skapulari yake, na Anuarite, aliyeuawa mwaka 1964. Nao walikuwa Wakongo, nao waliteswa, na hakuna aliyehitaji kuwaita Mungu ili awaheshimu.

Kumheshimu Simon Kimbangu kama mtu aliyeteswa bila haki hakumpunguzii Kristo chochote. Miongoni mwa Wakimbangu wapo wanaokumbuka mafundisho ya mwanzo na wanaotamani Kanisa lao liyarudie. Mlango wa mwaka 2021 ulifungwa kwa sababu za imani, na unaweza kufunguliwa kwa sababu hizohizo. Tarehe 6 Aprili itakapofika tena, wakati majirani zetu wakivaa kijani na nyeupe wakielekea ibadani, tuwaombee neema ya kumrudia Yule ambaye Kimbangu mwenyewe alimhubiri. Nasi, kila Dominika tunaposimama kukiri imani ya Nisea, tukumbuke kwamba maneno yale tuliyapokea kwa wengine na tutawaachia wengine; hatuna ruhusa ya kuyafanya mali yetu.